Waliokesha Bila Padri

Katika Injili ya Marko twasikia habari za bwana mmoja aliyesafiri, akaiacha nyumba yake mikononi mwa watumishi. Kila mtumishi alimpa kazi yake, na bawabu alimwagiza akeshe. Mara nyingi mahubiri juu ya mfano huo humwelekea mkristu mmoja mmoja: ajichunguze rohoni, akimbie nafasi za dhambi, awe tayari kwa kufa. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuyapunguzi hata kidogo. Lakini tazameni vema: nyumba ile ilikuwa na watu wengi, na kazi ziligawanywa. Aliyekaa mlangoni aliwategemea waliokuwa jikoni, na waliokuwa jikoni walimtegemea yeye. Ilikuwa nyumba nzima yenye kukesha.

Je, nyumba nzima yakeshaje? Na ikiwa bwana achelewa, si usiku mmoja, bali vizazi saba? Jambo hilo lilitokea kweli. Twataka kuwasimulia leo habari za wakristu wa Urakami, katika nchi ya Japani, ambao wao na mababu zao walikaa zaidi ya miaka 220 bila kuwa na padri hata mmoja.

Siku ya kumi na saba

Mwaka 1865 mji wa Nagasaki, ulio pwani ya kisiwa cha Kyushu, ulikuwa na kanisa jipya. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Misioni za Nchi za Kigeni la Paris walikuwa wamelijenga mahali paitwapo Oura, kwa ajili ya watu wa Ulaya waliofika huko kwa biashara. Serikali iliwaruhusu wageni kusali humo. Lakini kwa Wajapani wenyewe dini ya Kristu ilikuwa imekatazwa kabisa. Kanisa lilibarikiwa tarehe 19 ya mwezi wa pili, likawekwa chini ya ulinzi wa Mashahidi 26, waliosulibiwa katika mji huo huo tarehe 5 ya mwezi wa pili mwaka 1597. Watu walikuja kulitazama kwa mbali na kulistaajabia, kisha wakaenda zao.

Siku ya Ijumaa, tarehe 17 ya mwezi wa tatu, Padri Bernard Petitjean aliona kikundi cha watu kama kumi na watano wamesimama mlangoni, waume kwa wake pamoja na watoto. Hawakuwa na sura ya watazamaji tu. Akawafungulia mlango, akatangulia mwenyewe mpaka mbele ya altare, akapiga magoti kusali. Mara mwanamke mmoja akamkaribia, akaweka mkono kifuani pake, akamwambia kwa sauti ndogo ya kwamba wao wote waliopo wana moyo mmoja naye. Padri akashtuka, akawauliza watokako. Wakajibu kwamba watoka Urakami, kijiji kilicho karibu na mji, na kwamba huko karibu watu wote wana moyo kama wao. Kisha mwanamke yule akauliza iko wapi sanamu ya Maria Mtakatifu.

Padri aliposikia jina hilo hakuwa na shaka tena. Akawapeleka mbele ya sanamu ya Mama Bikira Maria aliyempakata Mtoto Yezu. Wakamzunguka, wakaanza kumweleza sikukuu wazishikazo. Wakataja kuzaliwa kwa Bwana Yezu, ambako walikuadhimisha siku ya 25 ya mwezi uitwao kwao mwezi wa jalidi. Tena wakamwambia kwamba wakati huu wamo katika majira ya huzuni, na kwamba leo ni siku ya kumi na saba. Wakamwuliza kama naye azishika siku hizo.

Sasa wanafunzi wa shule, shikeni kalamu mhesabu. Mwaka 1865 Pasaka iliangukia tarehe 16 ya mwezi wa nne. Basi Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 1 ya mwezi wa tatu. Toka siku hiyo mpaka siku ile walipoingia kanisani ni siku ngapi? Ni siku kumi na saba kamili. Padri wa mwisho katika nchi yao alikuwa ameuawa mwaka 1644. Hakuna aliyewatangazia mwanzo wa Kwaresima juu ya altare. Hawakuwa na gazeti wala kengele. Na hata hivyo hawakupotewa na siku hata moja.

Usiku ulivyoingia

Mbegu ya Injili ilifika Japani tarehe 15 ya mwezi wa nane mwaka 1549, siku ambayo Mtakatifu Fransisko Ksaveri alishuka bandarini Kagoshima. Mwanzoni mwa karne ya 17 wakristu walihesabiwa kuwa karibu laki tatu. Lakini wakubwa wa nchi waliingiwa na hofu kwamba nyuma ya mapadri wangekuja askari wa wafalme wa Ulaya. Mwaka 1614 dini ilipigwa marufuku katika nchi yote, mapadri wakafukuzwa, na waliojificha wakawindwa. Watu wengi waliuawa kwa mateso ambayo hatuna haja ya kuyaeleza hapa, maana watoto nao husoma ukurasa huu.

Ilipokwisha zamu ya panga, ikaja zamu ya karatasi, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi. Kila jamaa ilipaswa kuandikwa katika hekalu la Mabudha. Nyumba zilifungwa pamoja tano tano, na kosa la mmoja likahesabiwa kuwa kosa la wote, ili jirani ampeleleze jirani. Mbao zenye maandishi zilisimikwa njiani kutangaza zawadi: kulikuwa na wakati ambapo mwenye kumfichua padri aliahidiwa vipande 500 vya fedha. Na huko Nagasaki, kila mwanzo wa mwaka, watu waliitwa nyumba kwa nyumba waikanyage kwa miguu sanamu ya Yezu au ya Mama yake, mbele ya macho ya wakubwa.

Je, wakristu wa Urakami waliikanyaga? Wengi wao, ndiyo, waliikanyaga. Kisha walirudi nyumbani, wakafunga milango, wakasali sala ya majuto. Kulikuwa na kitabu kidogo juu ya majuto kamili, kilichotungwa mwanzoni mwa karne ya 17, nacho kilifundisha kwamba mtu asiyeweza kumpata padri apate kuondolewa dhambi akitubu kwa kumpenda Mungu mwenyewe, huku akikusudia kuungama mara nafasi itakapopatikana. Walikinakili kitabu hicho kwa mikono, wakakificha, wakawafundisha watoto wao.

Hatusemi kwamba kukanyaga kulikuwa kwema. Mashahidi walikataa, nao ndio tunaowaheshimu altareni. Lakini tazameni jambo moja: watu hawa hawakujidanganya. Hawakusema, mguu si moyo, basi haidhuru. Kila mwaka, kwa muda wa vizazi saba, waliiita dhambi kwa jina lake, wakalia. Twafikiri mkristu hulala usingizi mzito zaidi siku ile anapoacha kuliita kosa kosa, hata kama hakuna mtu aliyemlazimisha kulitenda.

Kazi tatu

Watu wengine husema kwamba imani ya wale Wajapani ilidumu kwa sababu walikuwa mashujaa. Sisi twaona kwamba ilidumu kwa sababu walijua kugawana kazi. Kijijini Urakami kulikuwa na kazi tatu, nazo ni ndogo hata mtu aweza kuzicheka.

Ya kwanza ilikuwa ya mshika kalenda. Alikuwa mmoja kwa kijiji chote. Mapokeo ya wazee yasema kwamba kalenda hiyo ilitoka kwa mwalimu wa dini Mjapani aitwaye Bastian, aliyeachiwa na padri wake ujuzi wa kuhesabu sikukuu, na ya kwamba aliitengeneza kwa mwaka 1634. Msidhani ilikuwa kazi rahisi. Miezi ya Wajapani wakati ule ilifuata mwezi wa mbinguni, wala mwaka wao haukuanza pamoja na mwaka wa Kanisa. Tena Pasaka yenyewe huhama kila mwaka. Basi mshika kalenda alipaswa kukaa kila mwaka na kuhesabu upya: Noeli itaangukia wapi, Kwaresima itaanza lini, siku zipi ni za kufunga, siku zipi ni za kupumzika. Kazi hiyo ilirithiwa toka mtu hata mtu. Mshika kalenda wa saba, Kichizo, alikamatwa mwaka 1856 pamoja na wakubwa wengine wa wakristu, akafa gerezani. Miaka tisa baadaye watu wa kijiji chake walisimama mbele ya Padri Petitjean, nao wangali wakijua kwamba ni siku ya kumi na saba.

Ya pili ilikuwa ya mbatizaji, mmoja katika kila mtaa. Huyu alijifunza kwa moyo maneno ya ubatizo kutoka kwa yule aliyemtangulia, akayatunza kama mtu atunzavyo moto katika jivu.

Ya tatu ilikuwa ya mjumbe. Huyu hakuhesabu siku wala hakubatiza. Kila juma alikwenda kumsikiliza mkubwa wake, ajue ni sikukuu gani ijayo au ni siku gani ya kufunga, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaarifu watu. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote! Katika vitabu twasoma zaidi juu ya wale wawili wa kwanza. Lakini fikirini: mjumbe asipopita, kalenda yabaki sandukuni kwa mzee mmoja, na mtoto azaliwaye mtaa wa pili hapati mbatizaji. Kijiji kingekuwa na imani ndani yake, kama vile chungu kilivyo na maji, bila mtu hata mmoja kuyanywa.

Na hapa twaomba ruhusa kuwauliza wasomaji wetu swali. Katika shirika lenu, ni nani apitaye nyumba kwa nyumba? Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai za wakristu tangu mkutano wao wa mwaka 1961, na katika miaka ya 1970 Kardinali Malula aliwaweka walei kuongoza parokia kadhaa za Kinshasa. Vikanisa vyetu vingi vya mbali humwona padri mara chache tu kwa mwaka. Dominika nyingine zote huongozwa na katekista. Twamsifu katekista, nasi twafanya vema. Lakini katekista peke yake ni mshika kalenda asiye na wajumbe. Mgonjwa aliyelala wiki tatu bila Komunyo, jamaa mbili zilizoacha kusalimiana, kijana aliyekwenda machimboni kutafuta dhahabu asirudi tena kusali: habari hizo hazimfikii katekista zenyewe. Mtu huzibeba. Mara nyingi ni mama fulani mwenye kikapu kichwani, ambaye hakuna aliyemchagua, wala jina lake halimo katika daftari la halmashauri.

Hata jirani zetu wa Uganda walionja jambo hilo. Mwaka 1882 Mapadri Weupe walilazimika kutoka katika nchi ya Buganda, wakaenda kukaa kusini mwa Ziwa Victoria, wakawaacha wakristu wachache waliobatizwa juzijuzi. Waliporudi katika mwezi wa saba mwaka 1885, walidhani watakuta majivu. Kumbe walikuta moto: Yosefu Mukasa amewafundisha vijana wa ikulu, Matia Mulumba amewakusanya watu Mityana, wengine wamebatizwa katika hatari ya kufa. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule, Yosefu Mukasa aliuawa, akawa wa kwanza kati ya mashahidi wakatoliki wa Uganda.

Waliomngoja mtu, na walioshika desturi

Turudi Nagasaki. Baada ya siku ile ya mwezi wa tatu, wajumbe walianza kumjia Padri Petitjean toka visiwani na mabondeni, usiku na mchana. Akaja mbatizaji mmoja aitwaye Petro. Padri alimwomba ayataje maneno ya ubatizo, akafurahi kuyakuta ni sawa. Mahali pengine maneno yalikuwa yameharibika katika vinywa vya vizazi vingi, nao mapadri wakawabatiza watu tena kwa sharti. Lakini Petro naye alikuwa na maswali yake. Aliuliza jina la mkubwa wa ufalme wa Roma, akaambiwa kwamba ni Pio wa Tisa. Akauliza tena, kwa woga wa adabu, kama padri hana mke na watoto. Aliposikia kwamba mapadri huishi katika useja, aliinama mpaka chini kwa furaha.

Angalieni vema maswali hayo: yuko wapi Maria? Ni nani Papa? Una mke? Babu wa babu zao waliwaambia kwamba mapadri watarudi baada ya vizazi saba, katika meli kubwa nyeusi, na ya kwamba watu wataweza tena kuungama. Nao hawakumpokea tu mzungu wa kwanza mwenye kanzu. Walimpima. Mlinzi wa kweli hafungui mlango kwa kila abishaye, wala haufungi kwa wote. Azijua hatua za bwana wake.

Lakini historia yatulazimu kusema na jambo la pili. Si wakristu wote wa siri waliorudi katika Kanisa. Huko kisiwani Ikitsuki na mahali penginepo, jamaa nyingi zilipendelea kuendelea na desturi za mababu kama zilivyo. Waliendelea kusali sala zenye maneno ya Kilatini na Kireno yaliyogeuzwa na karne nyingi, hata wenye kuzisema hawajui tena maana yake. Siku hizi wamebaki wachache sana, na wazee wao hawapati wa kuwarithi. Twawaheshimu, kwa maana mababu zao walimwaga damu ile ile. Tena tusiharakishe kuwahukumu. Je, ni wangapi kati yetu wanaosema Nasadiki kila Dominika, huku akili imekwenda sokoni? Tofauti yaonekana kuwa hii: hawa walikuwa wakitunza kitu, na watu wa Urakami walikuwa wakimngoja mtu. Kwa miaka mia mbili hakuna ambaye angeweza kuwatofautisha. Alipobisha, ndipo ilipojulikana.

Safari

Habari njema ile haikuleta raha. Mara walipoonja tena Misa na maungamo, wakristu wa Urakami hawakutaka kuwazika wafu wao kwa ibada za hekalu. Katika mwezi wa saba mwaka 1867 askari waliingia kijijini usiku, wakawakamata watu 68. Kisha serikali mpya iliamua kukifuta kijiji chote: watu karibu 3,400, wazee na watoto wachanga nao, walitawanywa katika majimbo mengi ya nchi. Zaidi ya 600 walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na mateso. Wao wenyewe hawakuita jambo hilo kifungo, waliliita "safari". Mwaka 1873, baada ya mataifa ya Ulaya na Amerika kulalamika, mbao za marufuku ziliondolewa, nao waliobaki wakarudi kwao. Walikuta nyumba zimeharibika na mashamba yamekuwa pori.

Wakaanza kulima. Na walipopata fedha kidogo, wakanunua uwanja. Uwanja gani? Ulikuwa mahali pa nyumba ya mkubwa wa kijiji, pale pale ambapo mababu zao waliitwa kila mwaka kuikanyaga sanamu. Hapo walijenga kanisa lao kubwa. Kazi ilianza mwaka 1895, wakalibariki mwaka 1914.

Tarehe 9 ya mwezi wa nane mwaka 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la atomiki lilipasuka juu ya Urakami, mwendo wa kama meta 500 toka kanisani. Saa ile mapadri wawili walikuwa humo wakiwaungamisha watu, kwa kuwa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni ilikuwa karibu. Hakuna aliyetoka mzima. Katika waamini 12,000 wa parokia ile, karibu 8,500 walikufa. Katika watu waliokuwa kanisani saa ile, wengine walikuwa wamekwisha kuungama, wengine walikuwa bado katika msitari.

Waliosalia walichimba katika kifusi, wakaikuta kengele moja kati ya mbili ingali nzima. Wakaitundika juu ya miti, wakaipiga usiku wa Noeli ya mwaka ule ule, katikati ya majivu. Kengele ya pili ilikuwa imevunjika, na mnara wake ulibaki bila kengele kwa muda wa miaka 80, hata kanisa lilipokwisha kujengwa upya. Mwaka 2025 wakatoliki wa Marekani, nchi ile ile iliyolitupa bomu, walichanga fedha wakawaletea kengele mpya. Tarehe 9 ya mwezi wa nane, saa tano na dakika mbili asubuhi, kengele zote mbili zilipigwa pamoja.